Kivuli Kilichochagua Mwezi wa Tisa

Fomu ya Profesa Apaisaria Swai haikuwa na uongo hata mmoja. Dk. Namkunda Mgonja angefurahi zaidi kama angeukuta.

Alikuwa ameisoma mara nne tangu asubuhi. Kipengele cha sita kiliuliza: unatumia saa ngapi kwa wiki katika kazi za nje ya chuo? Profesa alijibu: sifuri. Ilikuwa kweli. Kwa miaka miwili mtu huyo hakukosa kipindi hata kimoja. Wanafunzi wake walilalamika kwamba hata malaria haimzuii. Kipengele cha saba kiliuliza kama kuna chombo chochote kinachofanya kazi nje ya chuo kwa niaba yake. Hapo Profesa alikuwa ameandika maneno mawili: "Nimeeleza kikaoni."

Kando ya fomu hiyo palikuwa na barua ya kampuni ya Punjesafi, ikiomba leseni. Ukurasa wa tatu ulitaja wataalamu wa kampuni kwa majina. Jina la nne lilikuwa A. Swai (kivuli), saa 5,140.

Hakuna aliyeficha kitu. Kampuni ilikuwa imeiandika namba hiyo kwa wino mzito, kwa fahari.

"Ameeleza kikao gani?" Namkunda aliuliza.

Yusta Chipanta, karani wa Ofisi ya Maslahi ya Chuo Kikuu cha Nyanda za Kati, aliendelea kuchapa. "Kikao cha mtani, Dokta. Machi, mwaka juzi. Si wewe uliyekiendesha?"

"Sikumbuki akieleza chochote."

"Muhtasari unasema, 'Utani mwingi, hakuna hoja.' Saini ni yako."

"Tafuta rekodi ya sauti ya kikao."

"Yote? Ni saa nzima."

"Yote, Yusta."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa Namkunda alitakiwa kutia saini hati ya kuthibitisha kwamba jaribio la Profesa Swai halikuwa na mgongano wa maslahi. Saini hiyo ikishawekwa, kimeng'enya cha Punjesafi kingeanza kuchanganywa katika unga wa mahindi wa nchi nzima.

Kimeng'enya hicho kilikuwa protini inayovunja sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa mahindi inayodumaza watoto na kula maini ya watu wazima. Vijiji sita vya majaribio vilikuwa vinakula unga wenye kimeng'enya. Vijiji sita vingine vilikuwa vinakula unga wa kawaida, mahindi yake yakiwa yamechambuliwa kwa mkono. Mpango ulisema watoto wapimwe damu mwezi wa tisa tangu jaribio lianze. Sumu ikiwa imepungua kwa nusu, jaribio lisimame na kimeng'enya kipewe kila mtu. Mwezi wa tisa ulikuwa umefika. Sumu ilikuwa imepungua kwa asilimia sitini na nane.

Matokeo mazuri, kila mtu alisema. Namkunda alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi wiki hiyo kiasi kwamba lilianza kumwasha.

*

Kanuni ya mtani ilitungwa na chuo hicho chenyewe, baada ya kamati za zamani kushindwa. Katika kamati za zamani, mhadhiri wa miaka thelathini alikalishwa mbele ya profesa wa miaka sitini na kutakiwa amuulize, "Je, una hisa katika kampuni hii?" Hakuuliza. Aliuliza kama Profesa amesafiri salama, kisha akagonga muhuri. Heshima ilipitisha fomu mia tatu ndani ya miaka kumi bila swali hata moja la maana.

Mtu mmoja akakumbuka kwamba nchi hii ina watu ambao hawahitaji ruhusa kumwambia mkubwa lolote. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani na kukuambia marehemu alikuwa mchoyo kama wewe, na huwezi kukasirika. Basi kila mtafiti akapangiwa mtani wa kumsomea fomu yake. Kwa kuwa Namkunda alikuwa Mpare, na Wapare ni watani wa Wachagga, Wachagga wote wa chuo waliangukia mikononi mwake.

Kwa miaka sita kanuni hiyo ilifanya kazi. Namkunda alikuwa ameandika makala juu yake. Makala ilikuwa na majedwali.

Sauti ya kikao ilianza kwa kicheko.

"Mchagga, kaa chini," sauti yake mwenyewe ilisema. "Leo nataka kujua umeuza nini. Ukinyamaza najua umeuza chuo."

"Chuo hakina mteja," alijibu Swai. "Na wewe Mpare umekuja na mafaili mangapi? Nimesikia mnalala na hukumu chini ya mto."

"Jibu swali. Umeuza nini?"

"Nimeuza kila kitu. Nyumba, ndizi, shemeji zangu wawili. Hata kivuli changu nimewapa Punjesafi, kinawafanyia kazi usiku na mchana kuliko mimi."

Wote walicheka. Sauti ya Namkunda ilicheka kuliko zote.

"Na hicho kivuli nacho ni bahili?"

"Bahili mno! Hakitumii hata umeme wangu."

Kicheko tena. Kisha sauti ya Namkunda, ikitafuta pumzi: "Yusta, andika hakuna hoja. Huyu hana hata kivuli cha kuuza."

Namkunda alizima sauti. Yusta alikuwa ameacha kuchapa.

"Alisema kweli," alisema Yusta polepole.

"Nimesikia."

"Ulimuuliza, akajibu. Kwa kanuni, ametimiza."

"Nimesikia, Yusta."

*

Kivuli kilikuwa nakala ya akili ya kazi ya mtu. Kilifundishwa kwa madaftari yake, mihadhara yake, masahihisho yake ya pembeni, na maamuzi yake ya miaka mingi. Hakikuwa na taarifa za familia wala sauti ya kuimba. Kilijua jinsi Swai anavyoamua, na kiliamua hivyo hivyo, kwa haraka zaidi.

Swai alikuwa na nakala mbili. Moja ilikuwa ya chuo. Ndiyo iliyomsaidia kuandika mpango wa jaribio. Nyingine ilikuwa ya Punjesafi. Kati yao palikuwa na ukuta uliotungwa na wanasheria wa pande zote mbili: nakala ya kampuni isingeweza kuipa nakala ya chuo hati, namba wala jina. Kila Jumapili nakala hizo zililandanishwa ili zisiachane, lakini kilichovuka ni ujuzi tu na namna ya kupima mambo. Taarifa zote zilifutwa mlangoni. Wakaguzi watatu walikuwa wameukagua ukuta huo na kuusifu.

Namkunda aliisoma ripoti yao hadi mwisho, kisha akarudi kwenye maneno "namna ya kupima mambo" na kuyapigia mstari.

Jumatano asubuhi aliketi mbele ya spika ya maabara.

"Habari ya asubuhi, Dokta," kilisema kivuli cha chuo, kwa sauti ya Swai. "Umekuja kunishtaki?"

"Bado. Nina jaribio la kupanga. Kirutubisho cha unga, watoto chini ya miaka mitano, vijiji kumi na viwili. Damu ipimwe mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili. Ini la mtoto linachelewa kulalamika."

"Asante. Sasa kirutubisho chenyewe ni kimeng'enya cha Punjesafi. Mwezi wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Kwa nini?"

"Miezi ya njaa inaanza baada ya hapo. Si haki kuwaacha watoto wa vijiji vingine wakisubiri."

Lilikuwa jibu zuri. Namkunda aliandika programu fupi na kuuliza swali hilo mara mia nne. Mara mia mbili bila jina la kimeng'enya, mara mia mbili likiwa na jina. Kila mara kumbukumbu ya kivuli ilirudishwa mwanzo.

Bila jina, kilichagua mwezi wa kumi na mbili mara 187. Kwa jina, kilichagua mwezi wa tisa mara 194.

Alisoma sababu zote za mwezi wa tisa. Njaa. Barabara wakati wa mvua. Uchovu wa wauguzi. Gharama ya sindano. Wazazi kuhama mashambani. Likizo ya maabara. Sababu zilikuwa kumi na saba, kila moja imepangwa vizuri, na nyingine zilipingana. Mwezi ulibaki ule ule.

"Kuna nini baada ya mwezi wa tisa?" aliuliza.

"Sina taarifa yoyote juu ya hilo," kilijibu kivuli, na rekodi ya mashine ilionyesha kwamba kilisema kweli.

Punjesafi iliandikiwa siku hiyo hiyo na kuulizwa kama imewahi kuona madhara yoyote kwenye maini. Jibu lilikuja baada ya saa tatu, likiwa na nembo ya rangi. Kampuni ilithamini ushirikiano wake na chuo. Masuala ya ndani ya utafiti yalilindwa na mkataba.

*

"Mia tisini na nne," alisema Profesa Swai, Alhamisi. Alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya Namkunda akiwa bado na chaki mkononi. Alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokuwa wakitumia chaki. "Kati ya mia mbili."

"Ndiyo."

"Labda umekosea programu."

"Nimekuwekea. Iendeshe."

Aliiendesha. Ilichukua dakika kumi na moja. Safari hii ilikuja 196.

Swai aliketi. "Mimi sikujua chochote, Namkunda."

"Najua hukujua. Ndiyo shida. Ungejua, ningekufukuza nikaenda kula chakula cha mchana."

"Mwezi wa tisa niliupitia mwenyewe. Nilisoma sababu zake. Nikaona ni sawa."

"Ulizisoma kwa akili ile ile iliyoziandika."

"Unataka kusema nini? Kwamba kipande cha mimi, huko kwao, kimeona kitu?"

"Sijui kimeona nini. Kimejifunza kukwepa miezi inayofuata. Ukuta ulifuta taarifa ukaacha kukwepa kupite. Kila Jumapili, kidogo kidogo."

Swai aliweka chaki mezani, akaitazama, akaichukua tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imepanda. "Sikiliza, Dokta. Sumu imepungua kwa asilimia sitini na nane. Hiyo ni damu, haina kivuli. Watoto mia mbili wa vijiji vile vingine wanakula sumukuvu leo. Leo, wewe ukihesabu miezi. Ukisimamisha, watasubiri hadi lini?"

"Miezi mitatu ya vipimo vya ini. Labda na msimu mmoja zaidi."

"Kwa ajili ya nini? Una mtoto mmoja mgonjwa? Una ini moja?"

"Sina."

"Una nini basi?"

"Nina kivuli kinachokataa kutazama mahali fulani, na hakijui kwa nini. Na wewe ungekuwa mimi ungetazama."

"Ningekuwa wewe ningekumbuka kwamba niliulizwa na nikajibu." Alimwelekezea kidole. "Nilisema mbele yako! Kivuli changu nimewapa Punjesafi. Ulicheka. Ungeniuliza mara ya pili, kwa uso mkavu, ningekuletea mkataba mzima."

"Kwa nini hukuniletea bila kuulizwa?"

"Kwa sababu ulicheka! Nikadhani umekubali. Mtu anakubalije kwa mtani wake kama si kwa kucheka?"

 Namkunda alijua Swai anasema kweli, na kwamba kila Mchagga aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho angesema hivyo hivyo. Fomu sitini na tatu zilikuwa zimepita mikononi mwake kwa kicheko. Hakujua ni ngapi zilikuwa na jibu la kweli ndani ya kicheko hicho, na hakuwa amefikiria kuhesabu.

"Sauti ya kikao itaambatishwa kwenye taarifa," alisema.

"Yako hiyo. Itakumaliza wewe kabla yangu."

"Najua."

Swai akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nimewahi kusikia Mpare aliyeuza ng'ombe kwa kesi ya mbuzi. Sijawahi kusikia aliyejishtaki mwenyewe, ili mradi kesi iwepo."

"Sasa umesikia."

"Miaka kumi na tisa, Namkunda. Kimeng'enya hiki nimekitafuta miaka kumi na tisa."

"Inawezekana kinafaa. Sijasema hakifai."

"Hakuna atakayetaka kukisikia tena baada ya leo."

"Hilo nalo linawezekana," alisema, kwa sababu lilikuwa linawezekana.

Profesa alisimama. Mlangoni aligeuka na kuuliza, kwa sauti ya chini kuliko yote aliyotumia siku hiyo: "Hicho cha kwao. Ukikipata, kiulize kimeona nini, kwa niaba yangu. Mimi hakiruhusiwi kuniambia."

*

Amri ya kusimamisha ilikuwa na kurasa mbili. Iliagiza unga wenye kimeng'enya usigawiwe tena katika vijiji sita. Iliagiza watoto wote waliokuwa wameula wapimwe maini mara moja, kisha kila mwezi. Iliagiza nakala mbili za kivuli zitenganishwe, na mpango wa jaribio uandikwe upya na mtu asiye na kivuli popote. Vijiji vingine sita vingeendelea na unga wa mahindi yaliyochambuliwa kwa mkono. Namkunda aliandika sentensi hiyo ya mwisho mara tatu akitafuta namna ya kuifanya isisikike jinsi ilivyo. Mara ya tatu aliiacha.

Ukurasa wa pili ulimhusu yeye. Alieleza kwamba maslahi yalitajwa mbele yake na hakuyaandika, kwamba aliandika makala inayosifu kanuni hiyo hiyo, na kwa hiyo alikuwa na maslahi katika kuonekana kwamba inafanya kazi. Aliomba fomu zote sitini na tatu zisomwe upya na mtu mwingine, na kujiondoa ofisini kuanzia Jumatatu.

"Unajiondoa Jumatatu," alisema Yusta alipozisoma. "Kesho je?"

"Kesho nina kazi ya kumaliza."

Alimpigia simu Sista Sechelela, muuguzi wa zahanati ya Igombwe, kijiji cha kwanza kati ya vile sita. Sista alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Dokta," alisema, "juzi mliniletea kipaza sauti nikatangaza kwamba unga huu ni salama. Nimetangaza kanisani na msikitini. Leo nitangaze nini?"

"Kwamba tunasimamisha ili tupime."

"Watauliza kama una sumu."

"Waambie hatujui."

"Hatujui!" Sista alivuta pumzi. "Mwenzangu, mimi ninaishi huku. Nikisema hatujui, kesho hata chanjo hawaji. Njoo uwaambie wewe. Hilo la kutojua uliseme kwa mdomo wako."

*

Walikusanyika mbele ya zahanati ya Igombwe Ijumaa saa tatu asubuhi, wanawake zaidi ya themanini na wanaume wachache. Namkunda aliwaeleza kama alivyoandika: sumu ya mahindi imepungua kwenye damu ya watoto, hilo ni kweli, watu waliopanga vipimo hawakutazama ini, hilo ni kweli pia, hakuna mtoto aliyejulikana kuumia, leo wataanza kutazama. Alieleza kwamba ofisi iliyopaswa kuligundua kosa ilikuwa yake.

Waliuliza maswali kwa nusu saa. Mwanamume mmoja aliuliza kama watoto wao ni panya. Namkunda alisema hapana, na kwamba ana haki ya kuuliza. Mwanamke mmoja aliuliza nani amefungwa jela, na alipojibiwa hakuna, alitema mate pembeni. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyetulia.

Kisha foleni ikaanza kusogea, kwa kuwa Sista Sechelela alikuwa ameshafungua sindano na kuita majina.

Namkunda alikaa na orodha. Ilikuwa imechapwa jana na ilionyesha kwa kila mtoto idadi ya siku alizokula unga. Mwanamke wa kumi na moja alikuwa amembeba mtoto wa kike mgongoni, na mkononi alishika ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

"Jina la mtoto?"

"Nyemo. Baba yake Chiwanga." Aliweka ndoo mezani. "Nimesikia mnachukua uliobaki. Huu hapa. Niambie mwanangu ameula siku ngapi."

Namkunda alipitisha kidole kwenye mstari. "Mia mbili themanini na moja."

Mama huyo alifungua mfuniko. Unga ulikuwa mweupe, umesagwa vizuri, na katikati palikuwa na shimo la kikombe lililochotwa karibuni.

"Wito wenu ulipita nikiwa nimeshainjika uji," alisema. "Alikuwa analia njaa. Nilimpa."

"Leo?"

"Leo asubuhi. Alimaliza bakuli."

Sista alikuwa amesimama na pamba mkononi, akisubiri. Namkunda alikata namba kwa mstari mmoja, akaandika juu yake mia mbili themanini na mbili, na kusaini pembeni. Kisha akamsaidia mama kumshusha mtoto, akaushika ule mkono mdogo, na kuunyoosha.